Schnauzer Mdogo Kutoka Jikoni kwa Mzalishaji: Tathmini ya Mnunuzi

Tathmini hii haihusu duka wala banda la kufugia mbwa wengi. Inamhusu mama mmoja wa makamo anayeishi katika kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Leicester, Uingereza, mwenye majike wawili wa Schnauzer mdogo, ambaye huzalisha uzao mmoja kwa mwaka, na miaka mingine hazalishi kabisa. Jiko lake ndilo banda lake. Sanduku la kuzalia limewekwa kati ya jokofu na mlango wa bustani, na mtu anayekwenda kutazama watoto wa mbwa hukaribishwa kwenye meza ileile ambayo familia hulia chakula. Jina lake silitaji, kwa sababu ni mtu binafsi asiye na bango wala tovuti, na orodha ya wanaomsubiri ni ndefu kuliko anavyopenda. Ninawaandikia Waswahili wenzangu wa huku ughaibuni wanaofikiria kununua mbwa wa aina hii, kwa kuwa nilipokuwa nikitafuta sikupata maelezo ya kutosha kwa lugha yetu, na kosa nililokaribia kulifanya lingenigharimu fedha na machozi ya mtoto.

Schnauzer mdogo asili yake ni Ujerumani. Jina lake limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya pua na mdomo wa mnyama, na mtu akiuona uso huo wenye masharubu, ndevu na nyusi nzito kama za mzee wa baraza, haulizi sababu. Alitokea pande za Frankfurt karne ya 19 ilipokuwa ikiishia, kutokana na Schnauzer wa kawaida, mbwa wa mashambani aliyelinda mazizi na kuua panya. Kwa kipimo cha Kennel Club, chama cha Uingereza kinachoandikisha mbwa wa nasaba, dume hufikia sentimita 36 begani na jike sentimita 33. Sisi tulimchagua kwa sababu nyumba yetu ni ndogo na kwa sababu manyoya yake hayapukutiki sana, jambo lililokuwa na uzito kwetu kwa kuwa binti yetu ana pumu. Mama yangu, aliye Tanga, alipoambiwa kwa simu kwamba mbwa atalala ndani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ndani ya nyumba, mwanangu, au ndani ya ua?"

Kabla ya kumpata mama huyu nilikuwa nimezungumza na muuzaji mwingine, aliyenitumia picha nzuri za watoto wanne na kunipa bei ya chini kwa pauni 500 kuliko wengine wote. Nilipoomba kwenda kwake kuwaona pamoja na mama yao, alisema nyumba inakarabatiwa, na akapendekeza tukutane kwenye maegesho ya magari kando ya barabara kuu, yeye aje na mtoto mmoja ndani ya kikapu na mimi nije na fedha taslimu. Nilikuwa tayari kukubali. Mke wangu ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi, kwa kuvutiwa na bei, sikuliuliza: mtu asiyeweza kukuonyesha mama wa anachokiuza, amekipata wapi?

Sheria yenyewe inalijibu swali hilo kwa sehemu tu. Katika England, anayezalisha uzao mara 3 au zaidi ndani ya miezi 12 na kuuza watoto anatakiwa awe na leseni ya halmashauri, na mkaguzi hufika kwake na kumpa nyota, kuanzia 1 hadi 5. Utaratibu huo ulianza Oktoba 2018. Tangu tarehe 6 Aprili 2020 kuna pia ile inayojulikana kama Sheria ya Lucy, iliyopewa jina la jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, akiwa amedhoofika kwa kuzalishwa mfululizo. Sheria hiyo inawakataza wafanyabiashara kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi 6 ambao hawakuzaliwa kwao, na inataka mnunuzi amwone mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Mama wa Leicester, kwa uzao wake mmoja, yuko chini ya kiwango cha leseni, hivyo hakuna mkaguzi anayefika jikoni kwake. Mkaguzi ni mnunuzi. Hapo ndipo wazalishaji wadogo wanapotofautiana kama ardhi na mbingu, maana mmoja huutumia uhuru huo kukwepa gharama, na mwingine hufuata masharti yote ya wenye leseni, na mengine zaidi, ingawa hakuna anayemtazama. Huyu ni wa pili, na sifa zote nitakazompa zimetokana na mambo niliyoyaona yeye akidhani ni ya kawaida.

Safari ya kwanza hatukuona mtoto hata mmoja, kwa kuwa jike alikuwa hajapandishwa. Tulihojiwa. Alitaka kujua nani atakuwa nyumbani mchana, kama ua una uzio, kama tumewahi kufuga, na tutamwacha nani na mbwa tutakapokwenda Tanzania kwa mwezi mzima. Swali hilo la mwisho hatukuwa na jibu lake, na alituambia kwa upole kwamba turudi tukiwa nalo. Kuhusu pumu alikuwa mkali zaidi. Wauzaji wengi husema kwamba Schnauzer ni mbwa asiyesababisha mzio. Yeye alisema hakuna mbwa wa namna hiyo, kwa kuwa mzio hutokana na mate na mba za ngozi, si manyoya peke yake, kisha akamtaka binti yetu aje akae na mbwa wake wakubwa kwa saa moja, siku mbili tofauti, kabla ya kuzungumzia fedha. Tulifanya hivyo. Binti alipiga chafya mara mbili siku ya kwanza na hakupiga kabisa siku ya pili, na hapo tu ndipo jina letu lilipoandikwa kwenye daftari. Nimenunua magari mawili katika nchi hii bila kuulizwa maswali nusu ya yale.

Upimaji wa afya ndio sehemu inayotenganisha mzalishaji na muuzaji, na ningependa nikae hapo kidogo. Schnauzer wadogo wana maradhi kadhaa ya kurithi. Mojawapo ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, ambao daktari bingwa wa macho ya wanyama anaweza kuugundua kwa watoto wote wa uzao kabla hawajauzwa. Jingine ni udhaifu wa kinga unaomfanya mbwa ashindwe kupambana na bakteria wa jamii ya kifua kikuu waitwao Mycobacterium avium, ambao hupatikana kila mahali kwenye udongo na maji na ambao mbwa wengi huwashinda bila hata kuugua. Kwa Schnauzer aliyerithi udhaifu huo ugonjwa huo huua, na daima kuna hofu ya kuwaambukiza watu. Urithi wake unafanana na wa selimundu, ugonjwa ambao sisi watu wa pwani tunaujua vizuri: mbebaji mwenyewe haugui, lakini wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Kipimo cha vinasaba kipo, na ni cha kufuta tu ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba. Mama huyu alituwekea mezani vyeti vya jike na vya dume, na akatuonyesha kwamba jike wake wa pili ni mbebaji, ndiyo maana humpandisha kwa dume aliyethibitika kuwa safi, na watoto wake wote hupimwa. Angeweza kunyamaza, nasi tusingejua kamwe.

Dume hakuwa wake. Alimfuata kwa gari mwendo wa saa tatu, ilhali kulikuwa na dume mwingine, mwenye nishani za maonyesho, umbali wa dakika kumi. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba huyo wa jirani ana babu mmoja na jike wake. Alinionyesha nasaba zote mbili kwenye karatasi na kufuata mistari kwa kidole, kama bibi anavyowatajia wajukuu nani ni ndugu wa nani ili wasije wakaoana.

Watoto walizaliwa siku ya 62 baada ya kupandishwa, usiku, watano. Mmoja alikufa siku ya pili. Hilo alituandikia asubuhi yake, bila kulipamba, pamoja na uzito wa waliobaki. Daftari lake la uzazi ni kitu ambacho ningependa wahasibu wengi wangekiona. Joto la jike limeandikwa mara mbili kwa siku katika juma la mwisho, na mahali liliposhuka chini ya nyuzi 37 amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, maana hiyo ndiyo dalili kwamba uchungu utaanza ndani ya siku moja hivi. Baada ya hapo kila mtoto ana ukurasa wake, na uzito wake kwa gramu, asubuhi na jioni. Wa kwetu alizaliwa na gramu 168, akashuka hadi 161, kisha akaanza kupanda. Watoto wa mbwa hawawezi kujipasha joto wenyewe siku za mwanzo, nao huzaliwa vipofu na viziwi, macho yakifunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Kwa hiyo mzalishaji asiyepima uzito wala joto la sanduku hana njia ya kujua kwamba mtoto anafifia hadi awe amekwisha kufifia. Alilala kwenye godoro jikoni kwa majuma mawili. Mume wake alituambia hilo kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kulizoea.

Tulipowaona mara ya kwanza walikuwa na majuma manne, wameanza kula uji wa nyama huku wakiendelea kunyonya. Jike alikuwepo, mtulivu, akaja kutunusa na kurudi kwa wanawe, na hiyo tabia yake ilinipa imani kuliko cheti chochote. Kuzalishia jikoni kuna faida ambayo banda haliwezi kuitoa. Tangu masikio yao yalipofunguka, watoto hao walikuwa wakisikia mashine ya kufulia, kengele ya mlango, sufuria zikianguka, wajukuu wakigombana na redio ikizungumza, na umri wa kati ya juma la 3 na la 12 ndio ambao mbwa hujifunza yapi ya dunia si ya kuogopwa. Wetu alipofika nyumbani hakushtushwa na kitu isipokuwa mlio wa kinu tulipokuwa tukitwanga kitunguu saumu, na hata huo aliuzoea kwa siku mbili.

Bei ilikuwa pauni 1,400, na arubuni ya pauni 200 ililipwa baada ya kupimwa macho katika juma la saba, si kabla, ili kama mtoto angeonekana na kasoro tusifungwe na fedha zetu wenyewe. Ni fedha nyingi, sikatai. Hata hivyo, ukiondoa ada ya dume, vipimo, daktari, chanjo, chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, chakula na petroli, kisha ukagawanya kilichobaki kwa usiku alioukesha, utakuta kwamba mama huyu analipwa vibaya kuliko mfanyakazi yeyote wa Leicester. Wapo wanaouza kwa bei ya juu zaidi kwa kudai wana "rangi adimu" au watoto wadogo kupita kiasi wanaoweza kukaa ndani ya mkoba. Rangi zinazokubaliwa na FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa wa nasaba, ni nne tu, yaani pilipili na chumvi, nyeusi tupu, nyeusi na fedha, na nyeupe. Na mbwa aliyedumazwa kwa makusudi ni mgonjwa anayeuzwa kwa bei ya pambo.

Siku ya kumchukua, akiwa na majuma manane kamili, tulipewa mkoba wenye cheti cha nasaba, kadi ya chanjo ya kwanza, ratiba ya dawa za minyoo alizokwisha kupewa kuanzia juma la pili, bima ya majuma ya mwanzo, chakula cha siku kumi, na kipande cha blanketi kilichokuwa kimelaliwa na mama yake. Chipu ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mzalishaji kama mmiliki wa kwanza, kama sheria inavyotaka, na alikaa nasi mpaka tukamaliza kuihamishia kwetu kwenye simu. Mkataba unasema kwamba tukishindwa kumfuga, kwa sababu yoyote na katika umri wowote, atarudi kwake, si kuuzwa wala kupelekwa kwenye kituo. Binti yetu alimpa jina la Mzee, kwa sababu ya ndevu.

Sasa kasoro, maana zipo. Ya kwanza ni kwamba watoto walifundishwa kujisaidia juu ya magazeti jikoni, na mbwa aliyejifunza hivyo huelewa kwamba kitu chochote bapa kilichotandikwa sakafuni ni choo. Mkeka wa ukindu ambao mama yangu aliutuma kutoka Tanga haukumaliza siku tatu. Mlango wa bustani ulikuwa hatua mbili kutoka kwenye sanduku lile, na sioni kwa nini hawakuzoeshwa majani mapema. Ya pili ni chanjo: ile aliyoitumia ni ya kampuni tofauti na inayotumiwa na daktari wetu, ambaye aliona ni salama zaidi kuanza upya, tukalipa mara mbili. Laiti angetuuliza mapema daktari wetu ni nani. Ya tatu ni kubwa zaidi. Kwenye usajili wa Kennel Club alikuwa ameweka zuio kwamba watoto watakaozaliwa na Mzee hawataandikishwa, na hati ya kulikubali zuio hilo tuliletewa siku ya kumchukua, mtoto akiwa tayari mikononi mwa binti yetu. Sina nia ya kumzalisha, na ninaielewa hofu yake ya kuona wajukuu wa mbwa wake wakiuzwa kwenye maegesho ya magari. Lakini sharti kama hilo linapaswa kuwekwa mezani siku ya arubuni. Nilimwambia, akakubali kwamba nina haki, na nimesikia kwamba mnunuzi wa mtoto mwingine alilalamika vilevile.

Ya nne ni suala la manyoya, ambalo sijui kama niliite kasoro ya mzalishaji au ya aina yenyewe. Schnauzer ana manyoya ya juu magumu na ya chini laini, na utaratibu wa asili ni kuyang'oa yale ya juu yaliyokufa kwa vidole, kidogokidogo, ili mapya yaote yakiwa magumu vilevile na rangi ibaki. Akinyolewa kwa mashine manyoya hulainika na kufifia rangi. Mama huyu anang'oa kwa mkono, na alituandikia kurasa mbili za maelekezo kana kwamba na sisi hatuna kazi nyingine. Tulijaribu mara moja, saa tatu, sebuleni. Sasa Mzee ananyolewa kwa mashine kila baada ya majuma saba, ni laini kama paka, na hatujamtumia mzalishaji picha ya mgongo wake.

Huduma baada ya mauzo ndiyo inayonifanya nimpe alama za juu licha ya hayo yote. Anajibu ujumbe siku hiyohiyo. Karatasi yake ya chakula imetusaidia kuliko kitabu, kwa sababu Schnauzer wadogo huwa na mafuta mengi kwenye damu na hupata uvimbe wa kongosho kwa urahisi, na nyumba ya Kiswahili imejaa mitego kwa mbwa wa namna hiyo. Chapati yenye samli, ngozi ya kuku wa kukaanga na mafuta ya mbuzi ni hatari kwake. Pilau ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina kitunguu na kitunguu saumu vinavyoharibu damu ya mbwa, na ukitia zabibu kavu umeongeza sumu ya figo. Wageni wetu wa Idi tuliwaeleza hayo mlangoni kabla hawajavua viatu, na mjomba mmoja alisema hajawahi kusikia mbwa mwenye masharti kuliko mgonjwa wa kisukari. Mzalishaji alitueleza pia kuhusu mawe ya kibofu, ambayo aina hii huyapata mara nyingi, na akatufundisha kumpa maji mengi na kutomnyima nafasi ya kwenda nje. Alipokojoa kwa shida mwezi wa saba tulimpeleka kwa daktari siku hiyo badala ya kungoja. Yalikuwa maambukizi tu, yakatibiwa.

Ukitaka kununua kwake, jiandae kusubiri. Jike mkubwa amekwisha kuzaa mara tatu na hatazalishwa tena, ingawa Kennel Club huandikisha hadi uzao wa nne, na mdogo atapumzishwa mwaka huu. Yeye mwenyewe huwaelekeza watu kwa wazalishaji wengine wawili anaowaamini, nami nilishangaa kumsikia akisifia mbwa wa mwingine kuliko wake.

Mzee alipotimiza mwaka mmoja alituandikia kutaka kujua uzito. Tulimpima, tukamjibu kwamba ana kilo 8.9. Jibu lilirudi ndani ya dakika tano: "Nani anampa chapati?"